Idadi ya Betri

Umeme ulikatika saa mbili asubuhi, mvua ikiwa katika siku yake ya sita. Tusekile alisikia kwanza ngurumo kutoka bondeni. Haikuwa radi. Radi hupiga ikanyamaza, lakini hii iliendelea kujiburuta, nzito, kama jiwe la kusagia lililotupwa mlimani. Ardhi ilikuwa imeporomoka, na nguzo za umeme zilikuwa zimeporomoka nayo. Taa za ukumbini zilipozimika, yeye alikuwa ameshaanza kukimbia.

Alikuwa fundi umeme wa kituo cha afya cha Itulwe, ubavuni mwa Mlima Rungwe, kwa miaka kumi na tisa. Wengi walimwita Fundi. Waliomjua zaidi walimwita Mama Lugano, kwa jina la binti yake wa pekee.

Alikimbilia chumba cha mifuko. Mifuko yenyewe ilikuwa mitatu, laini na angavu, imejaa maji ya uvuguvugu, na ndani ya kila mmoja alielea mtoto ambaye siku zake zilikuwa hazijatimia. Tangu joto la dunia lipande na mimba zianze kutoka kabla ya wakati, kata nyingi zilikuwa zimepewa chumba kama hicho. Watoto waliokuwa wakizikwa bila jina sasa walimalizia miezi yao humo. Chini ya kila mfuko pampu ilizungusha damu ya mtoto, ikaitia hewa, ikairudisha. Pampu ile haikuwa na mpini wa kuzungushwa kwa mkono. Walioiunda hawakuwahi kuishi mahali umeme unapokatika.

"Imeshika?" aliuliza Sista Tumpe, muuguzi wa zamu, mikono yake miwili ikiwa juu ya mfuko wa kwanza.

Tusekile alitazama kabati la chuma lililokuwa pembeni, lile waliloliita yupiesi. Ndani yake mlikuwa na betri, na kazi yake ilikuwa moja tu: umeme unapokatika, lipokee mzigo kabla pampu haijakosa hata pigo moja.

"Imeshika. Watoto hawajui kitu."

"Na sisi je? Tujue nini?"

Tusekile alibonyeza kioo cha kabati. Asilimia mia moja, zikianza kushuka. Alipiga simu ya upepo kwa watu wa umeme mjini. Walimjibu baada ya nusu saa. Barabara ilikuwa imefunikwa mahali pawili, na ndege za mizigo zisizo na rubani hazikuweza kuruka katika ukungu ule. Vijana wanane wangebeba betri mgongoni, wapite msituni kwa miguu. Wangefika saa nane na nusu mchana, Mungu akipenda.

Ilipofika saa nne, kioo kilisoma asilimia arobaini na nane.

*

Sista Tumpe alianza kwa lile lililowezekana. Mtoto wa mfuko wa kwanza alikuwa na wiki thelathini na tano. Alimwita mama wa mtoto, akamweleza kwa maneno machache, akaufungua mfuko. Mtoto alitoka akiwa mwekundu na mwenye hasira, akalia kwa sauti iliyofika hadi jikoni. Mama yake akamweka kifuani, akamfunika kanga mbili na koti, akaenda kukaa karibu na moto. Pampu ya kwanza ikazimwa.

Tusekile naye alizima kila alichoweza kukizima: friji ya dawa, taa, king'ora, hata kioo cha kuonyesha joto. Kisha akakokotoa upya.

Ikabaki mifuko miwili.

Mfuko wa tatu ulikuwa na binti wa Ambakisye, mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Mke wake alifariki siku ile ile mtoto alipotolewa. Alikuwa amezika, akarudi, na tangu hapo hakuwa amelala kwake. Mtoto alikuwa na wiki ishirini na sita.

Mfuko wa pili ulikuwa na mwana wa Lugano. Alikuwa na wiki ishirini na tatu, kiasi cha kuenea katika viganja viwili. Baba yake alikuwa kazini Chunya na njia ilikuwa imefungwa.

"Fundi," Ambakisye alisema, akijongea kwenye kabati. "Naziona hizi namba, sizielewi. Nifundishe kama unavyomfundisha mtoto."

Tusekile alimwonyesha kwa kidole. "Hii ni akiba iliyobaki. Hii ni saa ambayo akiba itakwisha. Kwa mifuko miwili ni saa saba kasoro dakika saba."

"Na vijana watafika saa nane na nusu."

"Ndiyo."

Ambakisye akahesabu kwa vidole. "Na kwa mfuko mmoja?"

"Hapa pana kikomo. Akiba ikishuka hadi asilimia thelathini, mashine inakata umeme wa tundu moja, yaani mfuko mmoja, ili lingine liishi. Likibaki moja kuanzia hapo, linafika saa tisa kasoro dakika ishirini."

"Kikomo hakiondoki?"

"Naweza kukiondoa. Basi wote wawili wataondoka pamoja saa saba."

Mwalimu alishika ukingo wa kabati. Hakuuliza ni tundu lipi. Kila mtu aliyewahi kulaza mtoto katika chumba kile alijua utaratibu. Kila asubuhi mashine ilipima moyo, mapafu na uzito wa kila mtoto, ikampa daraja la uhai. Mwenye daraja la chini hukatwa kwanza. Sheria iliwekwa hivyo makusudi baada ya miaka ya mwanzo, wakati wauguzi walipolazimika kuchagua wenyewe, na wengine wakaacha kazi, na mmoja akajinyonga. Tangu hapo watu walisema "mashine imesema," wakapata angalau mahali pa kuegemea.

Asubuhi ile mashine ilikuwa imempa binti wa mwalimu sabini na moja. Mwana wa Lugano ilimpa thelathini na nane.

Lakini orodha ile ya nani akatwe kwanza ilikuwa inabadilishika. Ilibidi iwe hivyo, kwa ajili ya matengenezo, na aliyekuwa na namba ya siri Itulwe nzima alikuwa Tusekile.

Ambakisye alilijua hilo pia. Aliachia ukingo wa kabati, akasema, "Mama Lugano, mimi naenda kukaa nje barazani. Sitaki nikuangalie mikono. Lolote utakalolifanya, sitakuja kukuuliza."

Akatoka. Mlango ukajifunga taratibu nyuma yake.

*

Lugano alikuwa amesimama kando ya mfuko wa pili muda wote huo. Sasa aligeukia kabati.

"Mama. Badilisha."

"Luga."

"Amesema mwenyewe hatauliza. Umemsikia. Badilisha."

Tusekile alipiga magoti mbele ya kabati, akaingiza namba ya siri. Alipita kurasa za mwanzo za mipangilio bila kuzisoma, kidole kikienda chenyewe kama kilivyozoea, hadi alipofika kwenye orodha. Mistari ilikuwa miwili tu. *Tundu la tatu* juu, *tundu la pili* chini, na kando yake mshale. Kuubonyeza mara moja kungetosha.

"Ni mjukuu wako," Lugano alisema. Alikuwa ameshuka sakafuni, amemshika mama yake begani kwa mikono yote miwili. "Mama, huyu ni wako. Ana masikio yako, Sista mwenyewe kasema. Bonyeza."

"Yule mtu amezika mke."

"Na mimi nizike nini? Nizike mwanangu ili yeye afurahi?"

"Mtoto wake ana nafasi kubwa zaidi, mwanangu. Sikuipanga mimi."

"Wangu ana nafasi akiwa na umeme! Umeme unao wewe mkononi!"

Tusekile alijiona akibonyeza. Alikiona kidole chake, ukucha uliopasuka kwa kazi, ncha yake juu ya mshale. Alifikiri: nani atajua? Kisha alifikiri juu ya mwalimu aliyekuwa nje kwenye baridi, aliyegeuza uso ili ampe nafasi ya kumwibia mtoto. Angekuwa amebaki ndani akilia na kumlaani, huenda angebonyeza.

Alirudisha ukurasa nyuma. Kioo kikafunga.

Lugano hakupiga kelele. Aliondoa mikono yake begani mwa mama yake, kimoja kimoja vidole vikiachia, akarudi kando ya mfuko, akaulaza uso wake juu yake.

Saa tano na dakika tano kabati lilitoa mlio mfupi. Kitu ndani yake kikasema tik. Pampu ya pili ikasimama.

Sista Tumpe alikuwa tayari. Aliufungua mfuko haraka ili mtoto asifie majini, akampangusa, akamweka kifuani kwa mama yake. Alimpulizia hewa kwa kimpira kidogo, lakini mapafu yale yalikuwa bado hayajajua hewa ni nini. Kwa desturi ya chumba kile, mtoto hakupewa jina mpaka atoke. Lugano alimpa jina pale pale, akimnong'oneza sikioni: Gwamaka, mwenye nguvu. Aliishi dakika kumi na moja. Alimshika mama yake kidole, au ilionekana hivyo.

Tusekile alisimama ukutani. Alitaka kwenda, lakini Lugano alikuwa amempa mgongo.

*

Vijana walifika mapema, saa nane na dakika tano, wamejaa matope hadi kifuani, mmoja akivuja damu gotini. Tusekile aliwapokea mizigo, akafungua mlango wa kabati ili aunganishe betri mpya zile za zamani zikiwa bado zinafanya kazi. Kioo kilisoma asilimia tano.

Aliinama na tochi mdomoni. Aliweka kipimo chake kwenye betri ya kwanza, akakunja uso. Akapima ya pili. Betri zenye asilimia tano hazisomi vile. Hizi zilikuwa na karibu robo ya nguvu zake.

Akazihesabu.

Moja, mbili, tatu, nne. Tano.

Aliinuka polepole, akarudi kwenye kioo, akaingiza namba ya siri. Ukurasa wa pili wa mipangilio, ule alioupita bila kusoma saa tatu zilizopita, ulikuwa na mstari mmoja katikati. *Idadi ya betri: 4.*

Mashine ile haikuwa na macho. Haikuweza kujua ina betri ngapi tumboni. Iliambiwa na fundi. Asilimia zilizokuwa zikionekana kwenye kioo, na saa ya mwisho wa akiba, na kile kikomo cha thelathini, vyote vilikokotolewa kutokana na idadi ile iliyoandikwa kwa mkono. Ukiiambia nne, itaishi kama mwenye nne, hata kama ya tano imekaa hapo imejaa.

Betri ya tano aliiweka mwenyewe, wiki mbili zilizopita. Aliikumbuka asubuhi ile. Alikuwa amekaza nyaya, amesafisha ncha, amefunga skrubu. Kazi iliyobaki ilikuwa moja: kuingia kwenye mipangilio, kufuta nne, kuandika tano. Alikuwa amenyoosha mkono simu ilipoita.

"Mama," Lugano alisema upande wa pili, kwa sauti ndogo kama ya utotoni. "Mama, naona damu. Nyingi."

Alikuwa ameufunga mlango wa kabati kwa teke, akakimbia.

Tusekile alikaa chini kwenye sakafu ya chumba cha mifuko, penseli mkononi, akakokotoa nyuma ya kasha la betri. Alikokotoa mara tatu. Jibu lilikuwa lile lile. Kwa betri tano, mifuko yote miwili ingefika saa nane na dakika ishirini na mbili. Vijana walikuwa wameingia saa nane na tano. Wangekuta watoto wote wawili wanaelea, na dakika kumi na saba za ziada. Hapakuwa na haja ya mtu yeyote kuchagua, wala mashine.

"Fundi, vipi?" aliuliza kijana mmoja. "Imekubali?"

"Imekubali," alisema. Alifuta nne, akaandika tano.

*

Walimzika Gwamaka kesho yake asubuhi, mvua ikiwa imepungua. Sanduku lilibebwa na mtu mmoja. Mchungaji alisema kwamba siku hizi ni rahisi kushika haki inapowagharimu wengine, ila Mungu amewaonyesha Itulwe mama aliyeshika haki hata ilipomkata nyama yake mwenyewe. Wanawake waliitikia kwa kilio. Tusekile alitazama viatu vyake.

Baada ya mazishi Ambakisye alimfuata, akapiga magoti kwenye udongo mbichi, mwalimu mzima na suruali yake ya tetroni.

"Ndaga, mama. Ndaga fijo. Asante haitoshi, najua. Akitoka kwenye mfuko, nataka nimwite Tusekile. Niruhusu."

"Inuka, Mwalimu."

"Niruhusu kwanza."

"Usimpe jina langu," alisema. "Nakuomba. Mpe la mama yake."

Mwalimu akadhani ni unyenyekevu. Aliinuka na kumshika mikono yote miwili, akilia, na Tusekile akamwacha aishike kwa sababu hakujua namna ya kuiondoa.

Mchana alikwenda kwa mganga mkuu wa kituo, akaandika maelezo yote kwenye kitabu cha hitilafu: tarehe na saa betri ya tano ilipowekwa, idadi isiyobadilishwa, jina lake chini. Mganga alisoma mara mbili. Alikuwa kijana.

"Mama, hakuna aliyejua hili ila wewe."

"Nimejua mimi."

"Watakusimamisha kazi."

"Wanisimamishe. Nina ombi moja tu, Daktari. Tarehe hiyo niliyoandika, Lugano asiione."

Mganga alitazama tarehe. Yeye ndiye aliyempokea Lugano siku ile, akiwa amebebwa kwenye machela, mama yake akikimbia kando na bisibisi bado mkononi. Alielewa. Akafunga kitabu.

*

Siku ya tatu asubuhi Tusekile alimkuta binti yake jikoni, anachochea moto usiokuwa na sufuria juu yake.

"Luga, nina neno."

"Sema."

Akalisema. Hakulizungusha. Alimwambia kuhusu betri nne na betri tano, na namba iliyoachwa bila kubadilishwa, na dakika kumi na saba. Lugano alisikiliza bila kugeuka. Ukuni uliokuwa mkononi mwake uliungua hadi ukakaribia vidole, akautupa.

"Kwa hiyo angeishi."

"Angefikiwa na betri. Zaidi ya hapo sijui. Ila angefikiwa."

"Nilikupigia magoti," Lugano alisema. "Nilikusihi umchague, ukaniambia habari za haki. Na haki yenyewe ilikuwa hesabu yako mbaya."

"Ndiyo."

"Uliiweka lini hiyo betri?"

Tusekile alikuwa ameliwaza swali hilo siku mbili. "Mwezi uliopita," alisema.

"Na kwa nini hukumaliza? Kitu cha kubonyeza mara moja. Ulikuwa unafanya nini cha maana zaidi?"

Jibu lilikuwa limejaa kinywani. Lingemwondolea nusu ya mzigo, labda wote. Binti yake angenyamaza, angemwangukia kifuani, wangelia pamoja. Na kuanzia saa hiyo hadi kufa kwake Lugano angeisikia simu yake mwenyewe ikiita.

"Hakuna," alisema. "Nilisahau tu."

"Ulisahau."

"Nilisahau, mwanangu."

Lugano alipita mbele yake akaingia chumbani. Alifungasha vitu vichache kwenye begi: nguo, chanuo, kanga iliyomfunika mtoto. Njia ya Mbeya ilikuwa imefunguliwa upande mmoja, alisema, na shangazi yake angempokea. Tusekile hakumzuia. Alimsindikiza hadi mlangoni na hapo Lugano akasimama, begi begani, macho kwenye matope ya uani.

"Unajua nini, Mama? Siku ile nilipoona damu nilikupigia simu, ukaja kabla sijakata. Sijui uliacha nini, uliacha tu ukaja. Tangu jana nimekuwa nikijiambia, hata kama amenifanyia hili, siku ile alikuja. Nilikuwa nimelishika hilo." Akajifuta pua kwa kiganja. "Sasa hata hilo sijui nilishike vipi."

Tusekile aliegemea mwimo wa mlango.

"Nilikuja," alisema.

"Ndiyo. Ulikuja."

Akashuka ngazi mbili za mawe, akavuka uani, akashika njia ya kuteremka. Hakugeuka. Tusekile alisimama mlangoni hadi begi lile la kijani lilipopotea kwenye migomba, kisha akaingia jikoni, akamwagia moto maji.